Ulimi wa Mchanga

Hifadhini
19 Septemba

Dada,

Shikamoo. Sisi huku wazima. Wifi yako anatapika kila asubuhi lakini mkunga kasema ndivyo mimba changa zilivyo, basi tumetulia.

Naanza na habari njema kwa sababu ni fupi. Ndege wamefika. Jumanne maji yakipwa nilihesabu sululu mia mbili na kumi, midomo imepinda kama sindano ya kushonea magunia, na vitwitwi, wale wadogo, wengi hata nikaacha kuhesabu mmoja mmoja nikahesabu kwa mafungu. Wengine wameruka siku kadhaa toka kaskazini bila kutua. Ukimshika mmoja, mfupa wa kifua unauhisi kama makali ya kisu.

Habari mbaya ni kwamba ofisi yenu imempa mtu kibali cha kukodisha pikipiki za magurudumu manne ufukweni. Ndani ya hifadhi, Dada! Nikueleze, maana huko masjala mnaona karatasi tu. Maji yakipwa, ndege hula topeni. Yakijaa, tope lote hufunikwa, na pa kusimama hapabaki ila ule ulimi wa mchanga ulioingia baharini, ambao hauzidi viwanja viwili vya mpira. Hapo husimama saa tatu, saa nne, mguu mmoja juu, wakipumzika. Na hapo hapo ndipo mwenye pikipiki alipopapenda, kwa kuwa mchanga wake ni mgumu.

Nimemwandikia Mkurugenzi barua mbili. Zote nimezitia kwenye mfuko anaochukua dereva kila Ijumaa, na mfuko huo unafunguliwa na wewe. Je, zimefika?

Simu usinipigie. Mtandao huku unapatikana juu ya tangi la maji, nami mambo haya siwezi kuyasema huku nimeshika ngazi.

Mdogo wako

---

Makao Makuu
4 Oktoba

Mdogo wangu,

Marahaba. Mpe wifi pole. Ale kidogo kidogo, asishindane na tumbo.

Barua zimefika. Nimezisajili, nimezipeleka juu. Usiniulize kila wiki; barua ya ofisini haitembei kwa miguu yako.

Ila nina la kusema. Barua ya kiofisi huanza vipi? Huanza, "Tafadhali rejea mada tajwa hapo juu." Yako ya pili imeanza, "Kwa Mkurugenzi, asiyejua tofauti ya bata na birika." Nilipofika hapo niliinuka nikafunga mlango. Bandarini ulifukuzwa kwa sababu ya barua. Shuleni ulikofundisha ulifukuzwa kwa sababu ya barua, tena ile ilikuwa na aya moja tu. Leo unakaa nyumba ya hifadhi na una mtoto njiani. Na bahati yako hapa hawajui kwamba sisi ni mama mmoja; kwa kuwa baba ni wawili, majina yametusitiri.

Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Andika upya, kwa adabu.

Dada yako

---

Hifadhini
21 Oktoba

Dada,

Methali yako nimeipata. Majibu ya Mkurugenzi sijayapata. Barua sasa ni nne.

Nikupe habari ya juzi, siku ya bamvua, maji yanapojaa kupita kawaida. Alikuja mama mmoja mstaafu, amesafiri siku mbili, darubini mpya bado ina karatasi ya dukani kwenye mkanda. Miaka thelathini alikuwa akipiga chapa ofisini, akajiapiza kwamba akistaafu atatazama ndege. Nikamweka kwenye kibanda cha kutazamia ndege, nikamwelekezea ulimi wa mchanga. Ndege wamejaa pale kama mchele kwenye sinia. Namwambia, "Mama, tazama kushoto, yule mkubwa mwenye mdomo uliopinda." Anazungusha, anatafuta, anasema, "Subiri, subiri, nimemwo..."

Pikipiki tano. Ndege wote wakanyanyuka kwa pamoja, wakazunguka, wakataka kutua, pikipiki zikarudi, wakazunguka tena. Mara saba, Dada. Mara ya nane wakakata tamaa wakaelekea baharini kusiko na pa kutua.

Yule mama akashusha darubini. "Ndiyo hivyo tu?"

Nikasema, "Ndiyo hivyo tu, mama."

Nikamfuata mwenye pikipiki. Nilikuwa na adabu, wifi yako shahidi. Akanicheka: "Mzee wa ndege, hao si wana mabawa? Bahari yote hiyo ni yao."

"Bahari ni maji. Wewe ukichoka unalala kwenye maji?"

"Mimi nina kibali," akasema, akakitoa mfukoni, kakifunga na nailoni. Kina muhuri, kina saini. Mimi nina darubini.

Huyo Mkurugenzi anasoma kweli? Au barua zangu anafungia andazi?

Mdogo wako

---

Makao Makuu
12 Novemba

Mdogo wangu,

Umenihuzunisha na habari ya yule mama.

Mkurugenzi ana shughuli nyingi. Nimekuandalia mimi mwenyewe barua, imo humu ndani, aya tatu, haina bata wala birika. Inaomba pikipiki zizuiwe kwenye ulimi wa mchanga saa za maji kujaa tu, toka Septemba mpaka Aprili. Iandike kwa mkono wako, utie saini, urudishe. Usiongeze kitu. Nakujua. Usiongeze hata nukta.

Dada yako

---

Hifadhini
14 Januari

Dada,

Wifi yako amejifungua. Msichana. Kichwa kikubwa, sauti kubwa kuliko kichwa. Wote salama. Mkunga anasema amechukua mdomo wa babake. Sijui kama ni sifa.

Ile barua yako niliinakili neno kwa neno, ikawa ya tano. Mwishoni palibaki nafasi, nikaongeza mstari mmoja kuhusu akili za aliyetoa kibali. Mmoja tu. Kisha, kwa kuwa hakuna jibu, nikaandika ya sita, ya saba na ya nane, na hizo sikumbuki nilisema nini, nilikuwa na hasira.

Hesabu ya sululu jana: mia moja na thelathini na wawili. Wengine wamekwenda nisikokujua. Waliobaki hawapumziki. Ndege hawa wanatakiwa waondoke Aprili wamekaribia mara mbili ya uzito wao, yote hayo mafuta ya safari. Asiyenenepa haondoki, na akiondoka hafiki. Nikimweleza hivyo mkuu wa hifadhi ananiambia, "Andika makao makuu." Nacheka mpaka machozi yananitoka.

Dada, wewe uko hatua kumi na tano kutoka mlango wake. Huwezi kuingia ukasema, "Mzee, kuna barua za hifadhi ya pwani"?

Mdogo wako

---

Makao Makuu
2 Februari

Mdogo wangu,

Hongera sana, mpe wifi mkono wangu. Mimi shangazi mtu nimemfumia mtoto sweta, liko na dereva.

Hayo mengine yaache kwanza. Nakuomba usifanye lolote kwa mikono yako. Nipe mpaka mwisho wa mwezi.

Dada yako

---

Hifadhini
7 Machi

Dada,

Mwisho wa mwezi umepita na siku saba juu yake. Kwa hiyo nikafanya kwa mikono yangu, na sasa nakuandikia nikiwa nimesimamishwa kazi.

Jumanne kabla ya bamvua nilipiga vigingi viwili mwanzo wa ulimi wa mchanga, nikafunga kamba, nikaning'iniza vitambaa vyekundu. Saa nzima ilikuwa raha tupu. Ndege walitua wote, wakakunja shingo, wakalala. Nilikuwa nimesahau jinsi kunavyokuwa kimya.

Halafu pikipiki moja ikatoka upande wa nyuma, jua linampiga mwendeshaji machoni. Upepo ulikuwa umevisokota vile vitambaa kwenye kamba. Kijana wa watu, miaka ishirini na ushee, amekodi kwa mara ya kwanza. Kamba ilimkamata kifuani. Kavunjika mtulinga, mfupa huu wa begani. Mimi ndiye niliyemfikia kwanza, mimi ndiye niliyembeba, na njia nzima alikuwa akiniambia "asante, mzee" kwa sababu hakujua kwamba kamba ni yangu. Nilimwambia kwenye lango la hospitali. Akaingia bila kugeuka.

Sikumtakia, Dada. Lakini nilifunga.

Nimeitwa makao makuu tarehe 18 kujieleza. Nimeambiwa nilete ushahidi kama niliwahi kulalamika kwa njia halali. Namshukuru Mungu kwa hilo. Barua kumi na moja! Na zote umezisajili kwa mkono wako.

Mdogo wako

---

Hifadhini
20 Machi

Dada,

Nimerudi salama. Najua hujapata usingizi ndiyo maana nawahi mfuko wa leo.

Usijilaumu. Mkurugenzi aliposema, "Mwiteni karani wa masjala aje na daftari la barua zinazoingia," nilikaribia kutabasamu. Ukaingia. Ukafungua. Ukapitisha kidole toka Septemba mpaka Machi, ukasema, "Hakuna, mzee." Ukalifunga daftari upesi, niliona. Wamebadilisha daftari, sivyo? Wamekuandikisha jipya wakakutishia. Nilitaka niruke niseme, "Muulizeni vizuri huyo, ni dada yangu, ananijibu barua kila mwezi!" Lakini nikajiambia, nikisema hivyo na yeye anaondoka. Tubaki na mmoja mwenye kazi.

Kwa hiyo nilinyamaza. Bwana wa utumishi aliyekaa na Mkurugenzi akaandika, "Hana ushahidi, inaonekana ni mtu wa kusema uongo." Maisha yangu yote nimefukuzwa kwa kusema kweli. Hii ya uongo ni mpya.

Uamuzi baada ya wiki tatu. Usihangaike juu yangu. Kula.

Mdogo wako

---

Makao Makuu
23 Machi

Mdogo wangu,

Hakuna aliyebadilisha daftari. Barua zako ziko kwenye droo yangu ya chini, upande wa goti la kulia, zote kumi na moja. Hakuna hata moja iliyopanda ngazi.

Soma mpaka mwisho kabla hujaichana.

Ya kwanza niliificha kwa ajili yako. Niliisoma nikaona unafukuzwa kabla mtoto hajazaliwa. Nikasema nitamshawishi aandike nyingine, ya kwanza niitupe, mambo yaishe. Ukaleta ya bata na birika. Ya tatu niliificha kwa ajili ya zile mbili, maana ilisema, "Rejea barua zangu za nyuma," na ningepeleka ya tatu wangeuliza mbili ziko wapi. Baada ya hapo sikuwa nakulinda wewe tena. Nilikuwa najilinda mimi.

Hata ile ya adabu, niliyoitunga mwenyewe. Ilirudi na mstari wako wa mwisho, nao umeukandamiza kwa kalamu mpaka karatasi ikatoboka. Ningefanyaje? Nilikukasirikia wiki nzima. Hata sasa nimekukasirikia, Mungu anisamehe. Ungeniachia aya tatu safi!

Mwezi wa Desemba Mkurugenzi alisimama mezani kwangu akaniuliza, "Hifadhi ya pwani haina malalamiko juu ya zile pikipiki?" Nikasema, "Hakuna, mzee." Zilikuwa saba. Akasema, "Vizuri," akaenda kunywa chai.

Tarehe 18 ulinitazama, ukanyamaza. Nilidhani umejua. Nilidhani umenyamaza kwa kunidharau, na nikaona hiyo ni haki yangu. Leo napata barua yako unaniambia nile.

Dada yako

---

Makao Makuu
6 Aprili

Mdogo wangu,

Mifuko miwili imekuja bila neno lako. Basi nakuandikia hivyo hivyo.

Jumatatu nilizifunga na uzi, nikapanda nazo juu. Nikaziweka mezani.

"Mzee, hizi ni barua za hifadhi ya pwani. Kumi na moja."

"Zimetoka wapi?"

"Kwenye droo yangu."

Akavaa miwani, akaanza kusoma. Mimi nimesimama. Alipofika kwenye ya bata na birika nilifumba macho. Aliisoma yote, akageuza, akasoma nyuma. Hakucheka, hakukunja uso. Akasema, "Hapa katikati ana hoja."

Basi. Ana hoja! Miezi saba nimemwogopa mtu huyu kwa niaba yako, kumbe anajua kuruka matusi akachukua maneno. Nilitamani nicheke, nilitamani nimpige na daftari.

Akaniuliza, "Kwa nini?" Nikamwambia sisi ni mama mmoja. Akavua miwani.

"Huyu kwa matusi yake ningempa onyo, akaendelea na kazi," akasema. "Wewe kwa kunificha nikupe nini? Nilikuuliza mwenyewe, Desemba, ukanitazama usoni."

Nimeondolewa kazini siku hiyo hiyo. Miaka kumi na tisa, na vitu vyangu vyote vimeenea kwenye boksi moja la karatasi za kupigia chapa. Kikombe, kandambili, sega.

Wewe wamekurudisha, utapata barua. Una onyo la mwisho kwa ajili ya kamba, na hilo unalistahili. Kuhusu pikipiki, amesema atatoa amri.

Nijibu hata kwa kunitukana. Huko ndiko unakokuweza.

Dada yako

---

Hifadhini
12 Aprili

Wifi,

Shikamoo. Naandika mimi kwa sababu yeye haandiki.

Barua yako ya kwanza aliisoma mlangoni amesimama. Akaikunja, akaenda ufukweni, hakurudi kula. Ile ya pili aliisomea jikoni. Nikamwuliza, "Dada anasemaje?" Akaniambia, "Anasema ukweli, sasa." Akachukua mtoto akamzungusha uani mpaka mtoto naye akachoka.

Sikutetei, wifi. Mimi niliyelala na mtoto wa miezi miwili kwenye nyumba ambayo tungefukuzwa, sikutetei. Kila Ijumaa namwona anakimbilia gari la mfuko kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani. Miezi saba! Ungeniambia hata mimi.

Lakini huko mjini utakaa na nani? Najua chumba chako ni cha ofisi.

Sweta limemtosha.

Wifi yako

---

Hifadhini
3 Mei

Dada,

Shikamoo.

Sikuandika kwa sababu kila nilipoanza niliona ninaandika barua ya kumi na mbili kwa Mkurugenzi, ila jina limebadilika. Nilichana nne. Hii ni ya tano, na tafadhali usiirekebishe.

Sululu wa mwisho waliondoka tarehe 16 Aprili, alasiri, maji yanajaa. Walianza kupiga kelele mmoja mmoja, kisha wote, wakanyanyuka na safari hii hakuna aliyewafukuza. Wakapanga mstari, ukakatika, wakaupanga tena. Sabini na wanane. Nilikuwa na darubini ya miguu mitatu, naona matumbo yao. Mwaka jana wakati kama huu yalikuwa yamevimba, wakiruka unaona uzito. Hawa walikuwa wembamba. Nilitaka niwaambie rudini, kuleni wiki moja zaidi, nitafunga kamba tena nitafukuzwa tena. Wakaenda. Sitajua waliofika.

Vitwitwi arobaini hivi hawakuondoka kabisa. Wako topeni, wanakula kama watu waliochelewa gari.

Amri ya Mkurugenzi ilifika kwa mfuko wa tarehe 24. Siku nane baada ya sululu kuondoka, Dada. Imeandikwa vizuri: pikipiki marufuku kwenye ulimi wa mchanga saa za maji kujaa, toka Septemba mpaka Aprili. Ni maneno yako, aya ya pili, hakubadilisha kitu. Nimesimamisha kibao. Mwenye pikipiki alikuja akakisoma, akatazama mchanga mtupu, akaniuliza, "Sasa hapa unamlinda nani?" Nilikuwa na jibu lakini nina onyo la mwisho.

Nilikwenda kumwona yule kijana. Mtulinga umeunga, bega moja liko chini kidogo. Mamake alinifungulia mlango, alipojua mimi ni nani akaufunga. Nikakaa nje kibarazani mpaka kijana mwenyewe akatoka. Tuliongea mambo ya kawaida. Sikuwa najua kukaa mlangoni kwa mtu uliyemkosea kunavyokuwa, na nilipokuwa pale nilikufikiria wewe na lile boksi lako, na nilikasirika kwa kukufikiria.

Maana nina hasira, Dada. Nisikufiche. Wewe ulisoma kila nilichoandika, mtu pekee duniani aliyekisoma chote, halafu ukanijibu "nimezipeleka juu." Ungesema tu, "Mdogo wangu, hii siipeleki," tungegombana, ningekuja kuipeleka mwenyewe. Uliniona mtoto. Na wifi yako ananiambia kwamba mtu anayetia tusi kwenye barua ya aya tatu aliyotungiwa, kweli ni mtoto. Kwa hiyo humu ndani nagombana na wanawake wawili, mmoja hayupo.

Sijakusamehe. Chumba cha nyuma wifi yako amekwisha kukifagia, ametoa nyavu na vigingi vyangu akavimwaga uani bila kuniuliza. Basi linashusha njia panda saa nne asubuhi. Njoo Alhamisi, siku hiyo sina wageni. Beba viatu vya tope.

Nitakuwepo pale kukupokea boksi. Usiniombe radhi mbele za watu, na mimi sitasema kitu. Kutoka njia panda mpaka nyumbani ni mwendo wa nusu saa kwa miguu. Tukishavuka daraja hakuna anayetusikia, hapo tutaanza kugombana.

Mdogo wako